Makaburi Kumi na Nane, Marehemu Mmoja

Aibu niliyoipata leo, marafiki, sina pa kuiweka.

Kazi yangu Makambako mnaijua, ramani. Sasa kwetu Kifanya, kesho wanaanza kukata mipaini iliyoota kwenye makaburi ya zamani. Misalaba imeanguka, trekta likipita, basi tena. Bibi Mgaya, jirani yetu, amelia wiki nzima. Mumewe yumo humo, na miguu yake haimfikishi kumtafuta. Nikajitolea (kiherehere changu) kupima kila kaburi, wakataji wapewe ramani.

Leo alfajiri nikaijaribu simu kama inahifadhi nukta, nikiwa bado kitandani. Ikakubali. Nikaingia msituni.

Ukungu mzito, miguu yangu mwenyewe siioni. Kimya. Nainama, nafuta kuvu, nasoma jina, nahifadhi koordineti (namba za mahali) kwenye simu, nasogea. Mara mbili nikasikia mtu akihema nyuma yangu. (Nilikuwa mimi. Nadhani.) Makaburi kumi na nane, nikatoka mbio.

Steshenari, Njombe mjini, nikafungua faili langu la GeoJSON, lile la nukta za ramani. Kila nukta ina koordineti, jina la marehemu, jina la mpimaji. Nikachagua safu ya jina iandikwe kwenye kila nukta, nikachapisha karatasi kubwa, nikaikunja bila kuitazama. Faili nikaliweka huria mtandaoni, yeyote alipakue.

Saa tisa nikaikunjua mbele ya wazee na wakataji. Watu, mama akiwemo, wakaiinamia.

Kila kaburi limeandikwa Esta.

Esta ni mimi. (Nilichagua safu ya mpimaji.)

Bibi Mgaya akaisogelea, akagusa nukta moja moja. "Mjukuu wangu, sasa mume wangu ni Esta yupi?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Nikafungua simu, jina la mumewe lilikuwemo, nikamshika Bibi mkono tukaenda naye polepole, ukungu ukianza kurudi. Msalaba tukaukuta palepale. Akaufuta kwa kitenge chake, akaongea nao Kibena kwa sauti ya chini. Wakataji wakafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa karibu, trekta lisipite hapo. Nilifurahi, sitaficha.

Kurudi, namkuta mama bado ameinamia ramani.

"Esta, ulisema makaburi kumi na nane. Mbona hapa yapo kumi na tisa?"

La kumi na tisa liko juu ya nyumba yetu. Chumba cha nyuma. Kitandani kwangu.

Nikamweleza kuwa ni ile nukta ya kujaribu simu alfajiri. Akanielewa vizuri kabisa, halafu akaliburuta godoro langu hadi sebuleni. Chekeni taratibu, basi. Mtaalamu wa ramani nimelala hapohapo na sijabisha.