Hati Namba Moja ya Mkurugenzi Stroud

Jimbo zima lilitangaziwa Jumatatu asubuhi kwamba kuanzia muhula ule hakuna mtoto atakayelazimishwa kusoma shule aliyopangiwa. Kila mzazi atapewa hati ya serikali ya kulipia ada, aipeleke shule aitakayo. Mkurugenzi Verlin Stroud wa Idara ya Uhuru wa Kuchagua Shule aliisoma taarifa hiyo mwenyewe, kifua mbele. Kwamba fedha za hati zingekatwa kwenye fungu la shule za umma lilielezwa vizuri kabisa, ukurasa wa arobaini.

Wilayani kwao, Stroud alianza utekelezaji mara moja. Basi la njano liliondolewa, maana basi linalokwenda shule ileile kila siku ni shinikizo kwa mtoto. Waraka Namba Kumi na Mbili ukamwondoa mwalimu wa matamshi, aliyewasaidia watoto wenye kigugumizi: kumsaidia mtoto pale alipo ni kumzuia kuhama.

Siku ya kwanza ya hati, Stroud alimshika mkono mjukuu wake Marlee, mwenye miaka saba, aliyekuwa akimlea na kumpenda kupita kiasi. Wakaenda Akademia ya Tai wa Dhahabu, shule binafsi pekee wilayani, wakiwa na Hati Namba Moja yenye saini ya gavana.

"Unaitwa nani, binti?" aliuliza mkuu wa akademia, Daktari Beasley.

"Ma-ma-ma..."

"Inatosha, mpenzi." Akamgeukia Stroud. "Mheshimiwa, ahsante kwa kutuchagua. Bahati mbaya, sisi hatukumchagua."

"Wewe! Hiyo sheria nimeiandika mimi!"

"Na umeiandika vizuri mno. Kifungu cha sita: uhuru ni wa pande zote."

Garini, walipofika njia panda, Marlee aliuliza:

"Ba-babu, kwani ni-nimekosea jina langu?"

Stroud alitafuta waraka wa kujibu swali hilo, akakosa. Akakata kona kuelekea shule ya umma.

Getini alimkuta Mama Oleta Crane, mwalimu mkuu, amesimama nyuma ya meza iliyojaa pai za kuuza. Kwao ni desturi: kisichonunuliwa na hazina hununuliwa na pai.

"Mjukuu wako anakaribishwa sana," alisema. "Hapa hatuchagui mtoto."

"Na mwalimu wa matamshi?"

"Tulikuwa naye, bwana. Waraka wako ukamla. Hizi pai ndizo za kumrudisha."

"Bado pai ngapi?"

"Elfu tisa na ushee."

Stroud akatoa Hati Namba Moja, akainyoosha juu ya meza. Mama Oleta aliisoma mbele na nyuma, kisha akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.

"Hiyo ni ya kumtoa mtoto kwangu, mheshimiwa. Ya kumleta hamkuchapa."

Marlee alikuwa tayari amesimama mbele ya meza. "Ka-ka-ka..." alianza, na foleni nzima ya wakulima waliokuja kununua pai ikangoja, bila mtu kumkatiza, mpaka akamaliza: "karibuni!"

Stroud alifuta macho kwa tai yake.

"Sasa mimi nifanye nini, mama?"

Mama Oleta akamfunga aproni, akalikaza fundo.

"Usiwe na wasiwasi, hapa hakuna anayelazimishwa. Kuna kuuza pai za tufaha, na kuna kuuza za maboga. Chagua."