Bati Lionekane Barabarani

Jumatatu, 3 Machi

Paa la ukumbi wa jamii limenivujia tena kichogoni nikisoma ripoti ya kikao. Mimi ni katibu wa kamati ya ukumbi. Ningekuwa mwenyekiti, tone hilo lisingethubutu.

Uchaguzi ni Jumapili. Mpinzani wangu ni Mama Kwaya, anayefundisha kwaya kwenye kona ya nyuma na kupendwa na kila mtu bila sababu ya maana. Leo amepanda ngazi mwenyewe, akaziba matundu ya kona yake kwa lami. Watu wakampigia makofi. Kwa lami!

Lakini mabati mapya yameshafika, na usimamizi nimekabidhiwa mimi. Nitaezeka kabla ya Jumapili. Hapo ndipo watajua nani wa kumchagua.

Jumanne, 4 Machi

Kazi nimempa shemeji, kaka yake mke wangu. Ni fundi wa vitanda, lakini nyundo ni nyundo. Mke wangu akauliza kama kaka yake amewahi kupanda hata juu ya meza. Nimemwomba asinivunje moyo.

Shemeji alitaka kuanzia chini, ukingoni, kama alivyowaona wengine. Nikakataa katakata. Kule chini nani ataona? Aanzie juu kabisa, bati ling'ae mpaka barabarani. Akasema mimi ndiye bosi. Nilimpenda sana wakati ule.

Alhamisi, 6 Machi

Paa linang'aa. Dereva wa lori amepunguza mwendo kulitazama. Mke wangu anasema ni kwa sababu ya tuta.

Mama Kwaya kaja kuomba kona yake isisahauliwe. Nimemjibu kwa upole kwamba mabati hayakutosha. Yametosha, tena yamebaki. Nimeyaficha nyuma ya stoo na kuyafunika kwa mkeka. Abaki na kutu yake, watu walinganishe. Nilicheka njia nzima hadi nikapitiliza nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo. Imenigusa sana mwenyewe.

Shemeji kaja na wasiwasi. Eti kila bati la chini limelala juu ya lile lililo juu yake, sasa maji yatapita wapi? Nimemwambia yatapita nje, kama maji yote. Akaonekana kuridhika.

Jumapili, 9 Machi

Siku mbaya.

Hapa kwetu kura hupigwa kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Mimi nilisimama mbele, chini ya mabati mapya. Mama Kwaya alisimama konani kwake. Foleni yangu ilifika mlangoni. Nikaanza hotuba, na nilipofika kwenye maneno "ukumbi mkavu", mvua ikashuka.

Maji yaliingia kila bati lilipokutana na lingine, kama yamealikwa. Kule konani, chini ya lami, hakuna hata tone. Watu wakaanza kuhama. Kinyozi wangu akaenda. Shemeji akaenda na nyundo yake. Mke wangu alivumilia kidogo, kisha akaniambia ananipenda, ila amesuka jana. Naye akaenda.

Nilibaki peke yangu. Miaka mitatu nimekitamani kile kiti, na niseme ukweli, niliumia. Nililia kidogo. Kwa kuwa nilikuwa nimeshalowa, hakuna aliyegundua.

Jumatatu, 10 Machi

Nimewasilisha malalamiko kwamba mvua si mpiga kura halali. Yametupwa.

Mama Kwaya hakunigombeza. Kasema fundi wa paa ataitwa kupanga mabati upya, pamoja na yale ya chini ya mkeka. Nikatazama viatu vyangu. Kisha akaniuliza kama bado nina moyo wa kujitolea, maana choo cha ukumbi kinatakiwa kujengwa upya na hakuna anayetaka kusimamia.

Masikini, hajui kazi aliyonipa. Shemeji ameshakubali. Nimemwambia tuanze na mlango, mwekundu, wenye jina langu kwa herufi kubwa. Shimo tutachimba baada ya uzinduzi.