Miti Inayochanua Bila Kibali

Esteria, mama Secilia,
Kijiji cha Kwezindo, nyumba ya bati jekundu,
Njia ya Rangwi.

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Ofisi ya ghorofa, Mjini.

YAH: MITI KUCHANUA BILA KIBALI NA KUMWONEA MTUMISHI WA SERIKALI AKIWA KAZINI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Marahaba. Nimeanza na marahaba kwa sababu nimeulizia nikaambiwa wewe ni kijana bado, una watoto wadogo, na mimi mtoto wangu wa kwanza anakuzidi umri. Kwa hiyo shikamoo yako nimeihesabu kuwa imefika, hata kama kazi zilikuwa nyingi ukasahau kuituma.

Huku kwetu hatujambo. Baridi ipo ile ya kawaida, viazi vimekubali, kabeji zina wadudu kidogo lakini tunawazoea.

Mimi ni mama mzazi wa Secilia, Mtendaji wako wa Kijiji cha Kwezindo. Nilisoma mpaka darasa la nne, basi ukikuta neno limekaa vibaya lisukume kidogo, litakaa. Nakuandikia kwa sababu ya barua yako ya uhamisho. Imesema mwanangu atoke huku milimani Shambaai ashuke nyikani, kule Mnazi, kwa sababu imeonekana Mtendaji analia mbele ya wananchi. Jana ameshuka kwenda kuiangalia nyumba atakayopewa. Nimemwambia aangalie tu, kisha arudi, maana mimi nakuandikia.

Mheshimiwa, mwanangu halii. Mwanangu ana aleji. Kuanzia mwezi wa nane miti ya miwati ikifungua maua, kilima chote kinakuwa cha njano, na lile vumbi lake linaingia hata kwenye sufuria lililofunikwa. Daktari wa zahanati aliliita chavua. Macho ya Secilia yanavimba, pua inafunga kama duka siku ya mazishi, na machozi yanashuka yenyewe, yeye moyoni hana huzuni hata kidogo. Miezi mingine yote ni mkavu kama kuni. Naomba nikutajie makosa ya miti hii, ili uone mwenyewe ni nani anayestahili kuhamishwa.

1. Miti hii inachanua bila kibali. Huku kwetu hata ukitaka kupiga muziki kwenye harusi ya mtoto wako unaomba kibali. Mwaka juzi nilitaka kukata muwati mmoja nyuma ya jiko, nilioupanda kwa mkono wangu, nikaenda ofisini nikidhani naenda kwa mwanangu. Akaniambia mama, kaa kwenye benchi, kuna waliotangulia. Zamu yangu ilipofika akaniuliza jina langu nani. Jina langu! Akaandika, akanituma kwa Mtendaji wa Kata, na mpaka leo muwati umesimama. Sasa mti ambao mimi siwezi kuugusa bila sahihi za watu, wenyewe unafungua maua asubuhi ukijisikia tu. Nani aliuruhusu? Sahihi yake iko wapi?

2. Miti inauharibu mhuri wa Serikali. Secilia akipiga chafya hapigi moja. Zinakuja kama mbuzi wanaotoka zizini, wa kwanza akitoka wote wanasukumana. Mzee Sefania alikwenda kugongewa barua ya utambulisho. Mwanangu akainua mhuri, chafya zikaja, mhuri ukamshukia mzee kwenye mkono, umekaa sawasawa kabisa na tarehe inasomeka. Mzee Sefania ni mtu wa utaratibu. Alikaa siku nyingi hanawi mkono ule, anakula kwa kijiko, anasema yeye sasa ni waraka wa Serikali. Mkewe akimtuma kuni anajibiwa kwamba waraka haubebi kuni. Yule mama alikuja mpaka mlangoni kwangu kuniuliza nimelea mtoto gani anayewapiga mihuri waume za watu.

3. Miti inashinda dawa. Hili naliweka nisije nikaonekana nalaumu bila kujaribu. Vidonge vya zahanati vinakausha pua vizuri, ila vinafunga na macho. Secilia alimeza kimoja kabla ya kikao, akasinzia palepale kalamu mkononi, kichwa kinashuka, kinapanda. Wajumbe wakaona Mtendaji anakubali. Kila hoja iliyoletwa, kichwa kikaitikia. Alipozinduka kijiji kilikuwa kimeshapitisha kwamba Alhamisi mbuzi wasifungwe. Mbuzi wa jirani yangu Bertha wameshaijua Alhamisi kuliko sisi Walutheri tunavyoijua Jumapili.

Barakoa nayo tulijaribu. Watu walipomwona Mtendaji kafunga mdomo wakasema kuna ugonjwa umeingia Serikali inauficha, siku hiyo shuleni wakafika walimu peke yao. Mimi nikamfukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya blanketi, akatoka mwekundu kama nyanya, nikamfuata ofisini na chupa ya tangawizi. Akaniambia mama, rudi nyumbani, nina watu. Nikarudi, nikakaa kwenye kona ambapo hanioni.

4. Miti imeingilia mambo ya maji. Kornelio na Twaha wana mashamba yaliyopakana, na walikuwa wanagombea zamu ya mfereji tangu wazazi wao hawajaoana. Wakaletwa kwa Mtendaji. Alipoanza kuwasomea sheria ndogo ya maji, machozi yakamtoka, akafuta, yakatoka mengine. Kornelio akashusha fimbo. Twaha akavua kofia. Kila mmoja akajiona amemliza mtoto ambaye alimwona akitambaa. Twaha akasema basi maji achukue Kornelio. Kornelio akasema hapana, chukua wewe, wewe nyumbani kwako kuna shida. Twaha akauliza shida gani, nani kakuambia mimi nina shida? Wakaanza kugombana upya, safari hii kila mmoja anayakataa maji. Mpaka leo mfereji unapita katikati yao, kabeji zinanyauka pande zote mbili kwa heshima.

5. Hili ndilo kubwa. Miti imesababisha msiba usio na marehemu.

Siku hiyo Secilia alikuwa nje ya ofisi anabandika tangazo la kupanda miti. Kupanda miti, Mheshimiwa, mingine tena! Upepo ukashuka kutoka mlimani. Bertha alikuwa anapita na mzigo wa majani ya ng'ombe, akamwona Mtendaji ameegemea ukuta, leso usoni, mabega yanatikisika. Bertha hakuuliza. Kwetu mtu anayelia namna ile haulizwi, anapokelewa. Akatua mzigo, akafunga kanga kiunoni, akaangua kilio. Wakaja waliokuwa wanateka maji, wakaja waliokuwa wanafagia kanisa. Jua halijafika utosini mikeka imeshatandikwa mbele ya ofisi yako ya kijiji, kuni zimekuja, unga umekuja, kwaya imeshashika wimbo. Secilia anajaribu kuwaambia hakuna aliyekufa, lakini pua imeziba na maneno yanatoka nusu nusu, nao wanamwambia nyamaza mwanetu, usijilazimishe, tutajua tu ni nani.

Mimi niliposikia kilio kinatoka ofisini kwa mwanangu nilikimbia bila viatu. Nikamkuta ameketi, yuko hai. Nikamshukuru Mungu, nikashika mwiko. Ndiyo, nilipika, sikufichi. Kwetu unga ukishaletwa msibani haurudi nyumbani, na watu walishaanza kuona njaa. Mpaka jioni tulikuwa tunaulizana kwa sauti ya chini tumwombolezee nani. Mwishowe mama mmoja akamkumbuka shangazi yake aliyefariki zamani akazikwa siku ya mvua, wengi hawakuhudhuria. Tukamlilia yule. Alilia kila mtu, tukaondoka tumetulia.

6. Siku hiyo hiyo, tulipokuwa tunapakua, ndipo gari lenu likafika na kijana wa ukaguzi. Alishuka, akavua miwani, akakaa mkekani, akala ugali wa bada na mboga ya mnavu, akaongezewa, akampa Secilia pole ya kuondokewa. Hakuuliza ameondokewa na nani. Akarudi kwako akaandika kwamba Mtendaji analia kazini na ofisi imegeuzwa kuwa matanga. Siwezi kusema uongo, ilikuwa matanga. Lakini mtu aliyeongezewa mnavu mara mbili hayaandiki vibaya matanga aliyoyala.

Baada ya hayo nimekaa jikoni nikafikiri. Serikali inahamisha walimu, inahamisha manesi, inahamisha mapolisi, na wote wanakwenda. Miti peke yake ndiyo imeachwa ikae inapotaka. Naomba hivi:

Kwanza itoke amri kwamba miti ichanue nje ya saa za kazi. Nilitaka kupendekeza Jumapili, ila Jumapili Secilia anaimba sauti ya pili. Jumamosi tunafua. Usiku nyuki wamelala, na mimi sina ugomvi na nyuki. Nikaona siku haipo.

Kama siku haipo, basi uandikiwe upepo. Uambiwe upitie upande wa pili wa mlima, watu wa kule ni wagumu.

Na upepo ukikataa, maana haujawahi kumsikiliza mtu, basi ihamishwe miti yenyewe. Iende huko huko Mnazi mlikompangia mwanangu. Kule kuna joto na hawana kivuli, wataipokea kwa ngoma. Miti haina vyombo vya kupakia, haina watoto wa kutafutiwa shule, wala haitakuja ofisini kwako kukuuliza posho ya uhamisho. Ikishafika kule ichanue mpaka ichoke. Secilia abaki.

Mheshimiwa, hapa naandika polepole. Ndugu zake wote wameshaondoka. Mmoja yuko Kwamkoro kwenye mashamba ya chai, mwingine hata namba ya simu anabadilisha kabla sijaishika. Secilia ndiye aliyebaki nyumbani. Kule nyikani nimeambiwa tembo wanaingia mpaka mashambani, na huyu tangu mdogo akilala amelala, tembo atamgongea mlango na nani atamwitikia? Mbu wa kule ni wakubwa. Joto halijui, amezaliwa kwenye ukungu. Asubuhi mimi naamka kwa chafya zake. Nikisikia ya kwanza najua kumekucha, nikisikia ya mwisho najua chai imefika mezani. Mkimchukua nitajuaje saa?

Nakomea hapa kwa sababu karatasi imeisha. Msalimie mama watoto na watoto wenyewe. Msalimie dereva wa lile gari, ni mtu mwenye adabu, alisaidia kupanga kuni. Yule kijana wa ukaguzi naye msalimie, mwambie sina kinyongo, ila mnavu aliusifia, basi na hilo nalo angeliandika. Wanakusalimu Bertha, Mzee Sefania, kwaya yote, na Kornelio na Twaha, kila mmoja kivyake.

Ni mimi mama wa mtumishi wako, nisiye na mhuri,

Esteria.

(Nyuma ya bahasha)

N.B. Bahasha nimeshaibandika kwa uji wa ngano na haibanduki, kwa hiyo haya nayaandika huku nje, na naona wewe utayasoma kwanza. Ni sawa tu.

Jioni hii simu yangu iliita, namba ngeni. Mwanamke ana sauti safi, nyepesi, kama wale wanaotangaza redioni. Nikamwambia samahani dada, umekosea namba, nikakata. Ikaita tena. Akasema mama usikate, ni mimi Secilia, simu yangu imeisha chaji, nimeazima ya mwenyeji.

Mheshimiwa, nimemzaa mimi, lakini sauti yake ya mwezi wa tisa nilikuwa siijui. Miaka yote mwezi huu naongea na mafua yake. Nikamuuliza joto je, akasema lipo, tena la kutosha. Tembo? Akasema bado hawajafika kuripoti. Nikamuuliza anakula, akasema anakula na anasikia mpaka harufu ya kitunguu kwa jirani. Kisha mimi nikawa nasikia anapumua tu. Kwa pua. Tundu zote mbili zinafanya kazi.

Nikamwambia akae huko huko.

Kwa hiyo mwanangu Mkurugenzi, ukishasoma hapa usiifungue bahasha. Miti iache ilipo, na barua yako ya uhamisho ilikuwa nzuri, uliiandika vizuri. Ninachoomba ni kujua tu gari la kushuka Mnazi linaondoka mjini saa ngapi, na kama wanaruhusu mkungu wa ndizi.

Simu inaita tena. Ni yule dada. Ngoja nipokee.