Vita vya Mashemeji na Anguko la Magazini Namba Tatu

Jongeeni, enyi wenye masikio, na waliovaa viziba masikio wavivue! Zimeni redio, wekeni vikombe chini, kwa maana nataka kuwasimulia vita ambavyo havikumwaga damu hata tone moja na bado vilinikondesha kuliko homa. Nitawasifu wanaume wawili wenye umri wa kujitambua na wasiojitambua, na nitaisifu Jumamosi ile ya Machi ambayo upepo wa Nebraska ulitulia kwa dakika kadhaa, nadhani ili nao utazame. Mimi ni Marlys, mke wa mmoja na dada wa mwingine, kwa hiyo hakuna mwanahistoria mwenye haki zaidi ya kuwakasirikia wote wawili sawasawa.

Wa kwanza ni mume wangu, Wendell Strand, Mbeba-Barua, aliyeendesha gari la posta miaka thelathini na moja katika theluji na vumbi, wala hakuwahi kuacha bahasha kwenye mlango usio wake. Wa pili ni kaka yangu, Lyle Hruska, Mfufua-Matrekta, ambaye akiigusa injini iliyokwisha kuzikwa chini ya magugu, injini hukohoa na kuomba radhi. Wote wawili wanaipenda bastola moja: ile ya kale ya arobaini na tano, waliyoivaa babu zetu kiunoni walipokwenda vitani, ambayo tangu zama hizo imetengenezwa na makampuni mengi hata hesabu imepotea. Hapo ndipo shetani alipopata mlango wa kuingilia. Umbo la bastola ni lile lile, lakini jina lililochorwa ubavuni si lile lile.

Wendell aliuza mashua yake ya kuvulia samaki akanunua Halloran, iliyopigwa tupa kwa mkono katika karakana ya watu sita. Itikise, haitoi hata mnong'ono. Chuma cha juu huteleza juu ya cha chini kama droo ya kabati jipya. Lyle alinunua Tresko, inayotoka kiwandani kwa maelfu, na ukiitikisa inalia kama sanduku la vijiko. Wendell akanena kwamba kinacholia kimelegea, na kilicholegea hakina heshima. Lyle akanena kwamba kilichobana mno kitakwama siku kitakapoonja punje ya mchanga. Walinena hivyo kwa miaka minne, mdomo ukiwa umejaa chakula changu, na kulikuwa na upendo ndani yake.

Kisha ikaja Oktoba. Halloran ikakwama uwanjani mbele ya chama kizima cha walenga shabaha, na Lyle akacheka hata akashika uzio asianguke. Wendell, mtu mpole ambaye hata mbwa wa njia yake ya barua walimlilia alipostaafu, akamwambia kwamba Tresko imetengenezwa kwa mabomba ya choo na mwenye nayo ana akili za humo humo. Lyle akavaa kofia yake akaondoka. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwangu kwa chakula cha Jumapili.

Jumapili ishirini na moja! Kila Jumapili nilioka kolachi, ile mikate midogo ya plamu aliyotufundisha mama, na kila Jumapili zikabaki sita, kwa sababu Lyle hula sita. Nilijua yuko kwake, mjane asiye na mtoto, anakula supu ya kopo akiwa amesimama mbele ya jiko. Nilimkumbuka kaka yangu hadi nikalia juu ya unga.

Basi mimi, niliyekuwa nimevumilia kama nchi ndogo iliyokaa katikati ya madola mawili, nikashika simu.

"Lyle," nikasema, "Jumamosi uje uwanjani na hilo sanduku lako la vijiko."

"Yeye atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Basi mwambie aje na leso ya kufutia machozi, dada."

Wendell alikuwa nyuma yangu, anajifanya kusoma gazeti. "Mwambie mimi leso sina," akasema, "nina Halloran."

Yakapangwa masharti, nami nikayaandika nyuma ya karatasi ya mapishi. Kila mmoja atafyatua risasi mia mbili za boksi la aina moja, bila kusafisha wala kutia mafuta. Ambaye bastola yake itakwama kwanza atasimama mbele ya kaunta ya mgahawa wa Donna, saa ya kahawa, watu wamejaa, avue kofia aseme: "Yako ni bora kuliko yangu." Chini kabisa nikachora mstari na kuandika: Mshindi. Sikuwaambia hofu yangu. Nilijua yeyote atakayevua kofia hatakuja mezani pangu tena, maana nimeolewa na kiburi kimoja na nimezaliwa pamoja na kingine.

Siku ikafika. Wakasimama bega kwa bega mbele ya shabaha, matumbo mbele, miwani usoni, majemadari wawili wenye dawa za presha mfukoni. Wendell akahutubia kwanza.

"Shemeji! Leo dunia itajua tofauti kati ya kazi ya mikono na kazi ya mashine!"

"Itajua," akajibu Lyle. "Fyatua bwana, mgongo unaniuma."

Ngurumo ikapaa. Maganda ya shaba yakamwagika miguuni pao, moshi ukafunika ndevu zao, na mimi kwenye kiti changu cha kukunja nikatia alama risasi baada ya risasi. Hamsini, hakuna iliyokwama. Mia, hakuna. Halloran ilinguruma kwa adabu, kila tundu karibu na jirani yake. Tresko ilipiga kelele na kutawanya matundu kiasi, lakini ilimeza kila ilichopewa. Moyoni nikaanza kuomba zote mbili zifike mia mbili.

Katika risasi ya mia na hamsini na mbili, Halloran ikanyamaza.

Chuma cha juu kilikuwa kimesimama nusu ya njia, na risasi imeinua pua hewani, imebanwa. Wendell aliitazama bila kupepesa. Sijawahi kumwona hivyo tangu siku ya kumzika baba yake, na hasira yangu yote ya miezi mitano ikayeyuka nikamhurumia sana mume wangu. Akaiondoa risasi ile, akachomoa magazini, kile kikasha cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, akaiweka juu ya meza. Kisha akaanza kufungua mkoba wake polepole ili aifungashe bastola.

"Aaa!" Lyle akanguruma, mikono juu. "Wako wapi watu wa Oktoba? Wako wapi..."

Akasita. Alikuwa anaitazama magazini ile juu ya meza. Kwenye kitako chake paliandikwa tatu, kwa rangi nyekundu. Ilikuwa rangi yangu ya kucha. Niliipaka mwenyewe jikoni, miaka minne iliyopita, baada ya Wendell kuniambia hiyo moja ni mbovu. Niliitia alama ili aitambue na kuitupa.

"Wendell," kaka yangu akasema, na sasa sauti ilikuwa ya fundi, "Oktoba ulikuwa na hii hii?"

"Sikumbuki."

"Unakumbuka."

"Ni ya mazoezi tu," Wendell akasema. "Sijui imeingiaje."

Lyle akaiinua kwenye mwanga. "Midomo imepanuka. Inaachia risasi kabla ya wakati wake." Nikamwona anasita. Ushindi ulikuwa mkononi mwake, na mgahawa wa Donna ulikuwa dakika kumi kutoka hapo. Angeirudisha mezani tu. Lakini Mfufua-Matrekta hajawahi kuondoka shambani akiwa ameilaumu injini kwa kosa la pampu. Akaitia risasi, akaisukuma ndani ya Tresko yake mwenyewe, maana magazini za bastola hizi huingiliana, akalenga. Ya kwanza ikatoka. Ya pili ikakwama, pua hewani, vile vile.

"Umejiangusha mwenyewe, shemeji," Wendell akasema taratibu.

"Nilikucheka bure miezi mitano," Lyle akasema. "Hilo linaniuma kuliko mgongo. Sasa, bwana wee, mbovu unaijua, imepakwa rangi, na bado unaibeba miaka yote hii! Ya nini?"

"Nilidhani labda siku moja itapona."

Sasa tega sikio, ewe msikilizaji, kwa maana hapa ndipo lilipotendeka jambo ambalo uwanja ule haukuwahi kulishuhudia tangu ujengwe. Kila mlenga shabaha ninayemjua ana magazini mbovu, kila mmoja anaijua, na kila mmoja huirudisha mkobani. Wendell Strand akaichukua namba tatu. Akaigeuza. Akapiga hatua kuelekea pipa la taka, akarudi, akaenda tena.

"Nikiitupa humo nitaifuata," akakiri. "Najijua."

Akaiweka chini mbele ya gurudumu la gari lake la mizigo. Akapanda. Akawasha injini.

"Ngoja!" Lyle akapiga kelele. Akazamisha mkono chini kabisa ya mkoba wake, akatoa magazini iliyozungushiwa utepe mweusi, akaangalia pembeni asikutane na macho yangu. "Hii nayo ya mazoezi," akasema, akailaza kando ya ile nyingine.

Gari likasonga mbele. Likarudi nyuma. Likasonga tena, kwa uhakika.

Wakaja kwangu wamekumbatiana mabega, wananuka baruti, wanataka kujua hesabu inasemaje. Halloran imekwama mara moja kwa kosa la mwingine. Tresko imekwama mara moja kwa kujitakia. Ipi bora? Andika, Marlys, andika jina moja.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na katika sahani ya kolachi hapakubaki hata moja. Karatasi ile ya mapishi nimeibandika kwenye friji, na kila ajaye huisoma, kwa maana ndiyo kumbukumbu rasmi ya vita vile. Chini ya mstari, mahali pa mshindi, nimeandika jina langu.