Mjukuu Wangu Hafai Kusimamia Masikio ya Serikali

Dolno Yavorovo,
tarehe 2 Septemba.

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Bunge Iliyoteua Wanasheria Huru wa Kuwasimamia Watu wa Usalama,
Sofia.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni Parashkeva Jurova, mjane, miaka themanini na mmoja, darasa la nne. Nimeandika polepole, nawe usome polepole.

Mwezi wa tano mlimteua mjukuu wangu Ognyan awe mmoja wa wanasheria watatu walio huru. Kazi yenyewe naielewa, usinifafanulie. Watu wa usalama wakitaka kusikiliza simu ya mtu au kufungua barua zake, sharti kwanza wamletee Ognyan karatasi. Ataisoma, na akiona haina sababu, aseme hapana. Bila saini yake hawagusi waya. Kazi njema kabisa. Ila mliyempa siye. Naomba umwondoe kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwa sababu hizi:

1. Hayuko huru. Nimemlea mimi tangu ana miaka mitatu, mama yake alipokwenda kutafuta kazi Hispania. Mpaka leo, na miaka yake thelathini na tisa na upara unaobisha hodi, kila mwezi nampelekea chupa za mdomo mpana kwa basi la Tsanko: lyutenitsa, yaani rojo la pilipili hoho na nyanya, kabichi chachu, matango ya siki. Huyo hajawahi kununua tango maishani mwake. Mkono mtupu haulambwi, na wangu haujawahi kuwa mtupu. Sasa niambie, anayelisha tumbo lake si ndiye mwenye kalamu yake? Kumbe usalama wa nchi hii nausimamia mimi, na hakuna aliyenipa habari! Nami nikiugua anabaki Tsanko dereva, ambaye hata taa za nyuma za basi lake hazina wa kuzisimamia.

2. Ofisi yenu ilinirudishia chupa zangu. Ognyan, kwa vile ni mwaminifu mpaka anachosha, aliziandikisha kwenye daftari la zawadi: chupa kumi na nane, mtoaji raia P. Jurova. Raia! Karani akaniandikia, na muhuri juu, kuuliza kama nina shauri lolote mbele ya mjukuu wangu. Nikamjibu ninalo: avae fulana ya ndani. Zikarudi na basi lilelile, moja imepasuka. Tsanko akapiga kelele mbele ya duka, "Bibi Parashkeva, pilipili zako zimeshukiwa ujasusi!" Watu wakacheka mpaka mwenye duka akatoka nje kuangalia. Ognyan mwenyewe hakukataa, nasema haki. Ni ofisi iliyokataa.

3. Hajui kusema hapana. Hapa ndipo penye uzito. Jirani alimwomba amchukulie paka, akamchukua, kumbe paka ana watoto watano tumboni. Yeye alitaka kufuga nyuki, mimi nikasema sheria, akasoma sheria. Hajanikatalia neno hata moja. Nikisema kula, anakula. Nikisema ongeza, anaongeza, huku macho yamemtoka. Basi hao watu wa usalama wakija wanne, na suti zao, wakasema, "Weka saini hapa, bwana mdogo, tuna haraka," atajibu nini? Ataomba kalamu.

Usidhani nafanya utani. Mwaka wa sabini na tatu marehemu mume wangu Metodi alisema mzaha mezani petu. Alisema fahali wa shamba la ushirika ana haya kuliko katibu wa chama. Basi, ni hilo tu. Ndani ya redio yetu watu wa usalama walikuwa wameficha kidude cha kusikilizia. Akakaa miezi saba machimboni akivunja mawe. Aliporudi alikuwa hana mzaha tena, na alikuwa amenioa kwa mizaha, Mwenyekiti, maana sura hakuwa nayo. Walipofungua mafaili ya zamani nilikwenda kusoma letu. Kurasa tisini. Kila ukurasa una saini, na hakuna hata mahali pamoja ambapo mtu aliandika, "Ngojeni kwanza." Ndiyo maana nasema kiti hicho si cha mtoto anayeongeza chakula kwa kuogopa bibi yake.

4. Kwa hiyo niteueni mimi. Chama sina, mume sina, najilisha mwenyewe. Kusema hapana nimezoea, kamuulize padri, kamuulize na mkwe wangu. Sikio la kushoto halisikii, kwa hiyo nusu ya siri za nchi zitakuwa salama tangu siku ya kwanza. Watu wa usalama waniletee karatasi zao Jumatatu na Alhamisi, wapanguse miguu mlangoni. Anayetaka kusikiliza simu ya mwenzake anieleze kwanza yeye ni mtoto wa nani, na kama mama yake anajua anachofanya.

5. Jumamosi niliyoitaja tunachoma pilipili hoho, kilo themanini. Ognyan hajakosa hata mwaka mmoja. Sasa ananiambia eti lazima aombe ruhusa, na hata akija haruhusiwi kuondoka na chupa. Mtu asiyeondoka na chupa atakuja kufanya nini? Kuniangalia uso? Sawa, na aje aniangalie uso.

Nijibu kwa barua, usinipigie simu. Msalimie mkeo, msalimie mlinzi wa mlangoni, na karani wa daftari. Aliyepasua chupa nimemsamehe nusu.

Mimi, kwa mkono wangu mwenyewe,
Parashkeva Jurova

Tanbihi: Nilimpigia Ognyan nimsomee barua hii aninyooshee maneno, maana barua zangu hunyoosha yeye tangu yuko darasa la pili. Nilipofika namba 3 akanikatiza. "Hapana, bibi. Barua inayonilalamikia mimi siigusi, hata nukta. Itume kama ilivyo, tena kwa rejista, isije ikapotea." Nikamwambia nitakasirika. Akasema, "Kasirika, bibi yangu. Hapana." Nikaweka simu, nikakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Naituma kama alivyosema. Wewe ichane. Mwacheni palepale alipo, wala mtu asimguse. Pilipili nitachoma mwenyewe.