Malalamiko juu ya Barua ya Ezron Iliyorudi Makandana

Makandana, Tukuyu

Kwa Mkuu wa Posta,
Katika mji anakosoma Ezron,
Ujerumani.

Ndugu Mkuu wa Posta,

Kuna sauti moja haijanitoka masikioni tangu masika: muhuri ukigonga stempu zangu, pwa! Bibi yangu Atupokile, aliyenisindikiza hadi kaunta, alifumba macho akashukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo. Ameshaipata." Nami niliamini. Juzi barua hiyo imerudi na kikaratasi chenye maneno ya lugha yenu. Nimeitafuta maana yake: mpokeaji hajulikani.

Ezron ni mchumba wangu. Simu zangu hapokei, na Mchungaji hawezi kutangaza ndoa yetu bila neno lake. Kwa hiyo nimeona nikueleze kwa utaratibu. Kiswahili kikikupa taabu, Ezron atakutafsiria. Mtafute.

1. Anwani ilikuwa kamili: jina, mtaa, namba ya nyumba, mji, na nchi kwa herufi kubwa, kama alivyoniandikia mwenyewe. Chini yake Bibi aliniamuru niongeze maelekezo, maana kwetu namba peke yake haimtambulishi mtu: "Ni yule mrefu wa kwao Suma, anayetembea kama aliyedondosha kitu." Karani alituuliza kwa upole, "Bibi, hayo yote yanaenda kwenye bahasha?" Bibi akamjibu, "Sasa mwanangu, wakikuta warefu wawili?" Kwa maelekezo hayo mtu angepatikana hata Kiwira siku ya gulio. Mpeleka barua wako ameshindwa mtaa mmoja.

2. Hakuuliza. Huko Suma nyumba hazipokei barua. Zote huja kwa sanduku la kanisa, na Jumapili baada ya mahubiri mzee wa kanisa huyasoma majina. Asiyekuwepo, jirani humwitikia: "Lete, nitampelekea." Hajapata kutokea mtu asiyejulikana. Hata marehemu huchukuliwa barua zao. Je, mpeleka barua wako alisimama kanisani? Alimuuliza hata muuza mikate?

3. Nililipia safari ya kwenda tu. Ya kurudi sikuilipia wala sikuiomba, nanyi mkaitoa bure, kwa bidii, na bahasha haikupata hata mkunjo. Bidii hiyo ingetosha kupanda ngazi za Ezron mara ya pili.

4. Hili ndilo zito. Posta haisemi uongo. Kama posta imeandika kwamba Ezron hajulikani, basi mimi nimechumbiwa na nani? Nani aliyekunywa maziwa kwetu, akaisifia migomba ya Bibi, akaniambia nisubiri? Ama mmrudishe Ezron miongoni mwa watu, ama mniletee cheti chenye muhuri kwamba hayupo, nikakisome mbele ya usharika.

Naomba basi jina lake litangazwe Jumapili ijayo katika makanisa yote ya mji wako. Naye mpeleka barua aje Rungwe kwa mafunzo. Chumba tutampa, ndizi atakula, mvua ataizoea, na ataondoka akimjua kila mtu hadi jina la babu yake.

Nisalimie makarani wote, mama watoto wako, na mpeleka barua mwenyewe, mwambie simchukii. Bibi naye anawasalimu, na anauliza kama huko mvua zimenyesha.

Ni mimi ninayesubiri,
Elina Isakwisa

Nyongeza: Jana jioni, kabla sijaifunga bahasha hii, Ikupa, mdogo wake Ezron, alikuja mbio kutoka njiani. "Wifi, kaka kanijibu!" Barua yake aliituma wiki ileile na yangu, kwa anwani ileile, na maelekezo ya Bibi aliyanakili yote kwa kuwa yalimchekesha. Nikamuuliza kama kaka yake ameandika lolote juu yangu. Akaanza kuitazama migomba.

Tafadhali yafute malalamiko yangu, la kwanza hadi la nne. Mpeleka barua wako ni mtu makini. Alibisha hodi penyewe, na aliyemjibu kwamba Ezron hajulikani ni Ezron. Ng'ombe wao wa mahari tumempeleka Suma leo asubuhi, baba akishika kamba, mimi nikiswaga, na mama yake Ezron amempokea.