Stuli ya Mwisho Kwenye Kaunta ya Sushi

Jumatatu, 3 Machi

Msiba! Mzee wa Sushi ameuza mkahawa. Miaka kumi na moja nimekula pale kila mchana, mkahawa pekee wa Kijapani mtaani kwetu, hatua arobaini kutoka duka langu la miwani. Leo nimeingia nikakuta maua ya plastiki kila kona na muziki wa kelele. Mzee amekwenda kuishi kwa binti yake. Bila hata kuniaga! (Aliniaga, wiki iliyopita, mara mbili. Nilidhani ananitania.)

Mwenye mkahawa mpya ni mwanamama aliyekuwa akipamba kumbi za harusi. Humu nitamwita Mama Maua. Menyu kaipindua: sushi ya kuku wa kukaanga, sushi ya mayonezi, chipsi pembeni. Nimevumilia. Stuli yangu bado ipo, ile ya mwisho kwenye kaunta, iliyobanana na ukuta. Kutwa nzima nawauliza watu wanaona nini. Mchana nataka kukaa kimya, nimtazame mtu akikata samaki. Sina raha nyingine kubwa kuliko hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Mambo yamechacha. Mama Maua katangaza kwamba Jumamosi kaunta yote inang'olewa, ziwekwe meza za familia. Nikaazimia kumwambia ukweli uso kwa uso. Nikajikaza kisabuni, nikamfuata. Akaniuliza chakula nimekionaje. Nikasema kitamu sana, dada yangu, na maua yamependeza. Sijui nani alinisemesha.

Shemeji alikuwapo, kaka yake mke wangu, muuza magodoro. Mtu aliyenicheka miaka yote kwamba nakula samaki ambaye hajapikwa! Sasa kisa mayonezi, amehamia. Anashika vijiti kama anashona gunia.

Jumatano, 5 Machi

Mlangoni kuna sanduku la maoni. Akili imenichemka! Fundi miwani mmoja akilalamika, nani atamsikiliza? Lakini wateja kumi na wanne?

Nimefunga duka mapema. Nimeandika barua kumi na nne, kalamu za rangi nne, nyingine kwa mkono wa kushoto. Mama wa mapacha. Rubani mstaafu. Bibi harusi mtarajiwa. Wote wanalilia kaunta isiondoke, hasa stuli ile ya mwisho ukutani. Rubani nimemtia machozi kidogo. Mke wangu akauliza naandika nini. Nikasema najaribu kalamu.

Ijumaa, 7 Machi

Ushindi! Mama Maua kasimama katikati ya mkahawa akatangaza kwamba barua za wateja zimemgusa, ya rubani hasa. Kaunta inabaki! Nimekula kwa raha mpaka mayonezi sikuisikia. Shemeji akaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nikamwambia ale.

Jumatatu, 10 Machi

Balaa. Kwa kuwa stuli ya mwisho inapendwa na watu kumi na wanne, Mama Maua kaifunga utepe mwekundu na kuweka daftari. Anayetaka kuikalia ajiandikishe angalau siku moja kabla. Nimelikimbilia daftari. Shemeji kajaza wiki nzima! Anasema watu kumi na wanne hawawezi kupenda kitu bure, naye hataki kupitwa.

Nimekaa stuli ya tatu, katikati ya mafundi bomba wawili waliotaka kujua kama kweli karoti zinasaidia macho. Samaki sikumwona akikatwa. Nimeumia, sioni haya kuandika. Nimemkumbuka Mzee.

Jumatano, 12 Machi

Mama Maua kaja dukani! Anasema barua zile zimemchosha macho, anataka miwani ya kusomea. Nimemkalisha, nikamwelekeza kwenye bango la kupimia macho. Herufi kubwa juu, kila mstari zinapungua, za chini kabisa kama sisimizi. Akalitazama. Akatoa barua mkobani. Akalitazama tena bango.

Jamani! Zote kumi na nne! Mstari wa kwanza herufi kubwa, wa pili ndogo kidogo, wa mwisho hausomeki. Mama wa mapacha hivyo, rubani hivyo, hata za mkono wa kushoto hivyo hivyo. Miaka ishirini nachora mabango haya kwa mkono wangu, mkono umezoea, na mimi sikuona. Fundi miwani mzima!

Hakukasirika. Alicheka hadi akashika meza. Kisha akasema kwa upole kwamba ningemwambia tu. Kama stuli ile naitaka, atafuta majina yote daftarini iwe yangu kila mchana kama zamani, na yeye mwenyewe ndiye atakayemweleza shemeji. Niseme tu ndiyo.

Nikasikia sauti yangu ikisema hapana, dada, mimi nakaa popote, na hizo barua hata sizijui.

Akanitazama kidogo. Akasema basi sawa, atampa shemeji moja kwa moja, maana yeye aliiomba.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji yuko kwenye stuli yangu, kaegemea ukuta wangu. Kanipungia vijiti. Samaki alikatwa mbele yake, naye alikuwa anatazama simu!

Mke wangu kasimuliwa yote na kaka yake, aliyeambiwa na Mama Maua. Anasema niende leo hii nikamwombe Mama Maua stuli, kwa mdomo wangu, kama mtu mzima, wala sitakufa. Kwake kila kitu ni rahisi.

Nimekaa nikalitafakari kosa langu bila kujionea huruma. Nimelipata. Ni ukubwa wa herufi. Nimenunua daftari la mistari na rula. Nahodha mstaafu wa meli ameshafika ukurasa wa pili, herufi zote sawasawa, na mgongo wake mbovu haumruhusu kukaa popote ila ukutani.